Jina la Dafroza kwenye Tofali

Gasorwe, Muyinga. Jumamosi ya jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Mikono yangu inanuka udongo na sitaki kuinawa.

Asubuhi nilitoka nyumbani Nyamugari, Gitega. Nafundisha historia sekondari, na jioni narekodi vipindi vya sauti kuhusu Kiakadi, lugha ya kale ya Iraki, nchi ya mito miwili, iliyoandikwa kwa alama kama misumari kwenye udongo mbichi. Wasikilizaji ni wachache. Walimu wenzangu huniuliza lugha iliyokufa inamlisha nani, na siku hizi nilikuwa nimeanza kukosa jibu.

Nilijiapiza: Gasorwe wakinicheka, naacha vipindi.

Huku wakulima wanafyatua matofali ya kujengea chumba cha kusomea. Walinialika nizungumze nao wakati wa mapumziko. Nikawaambia kwamba wafalme wa Babeli, waliotumia Kiakadi, walipiga mihuri ya majina yao kwenye matofali, na mengine yanasomeka hadi leo. Kwa nini nasi tusiandike yetu?

Fundi mkuu, mzee Shabani wa Muyinga mjini, hakupendezwa.

"Madame, mi niko najenga, siko nacheza. Hii luga ya watu walikufa iko na kazi gani kwetu?"

"Mzee wangu, hata wewe unaisema. Neno maskini lilianzia kwao: *mushkenu*, mtu wa kawaida asiye na cheo. Waarabu wakalichukua, sisi tukalipata kwa Waarabu."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe mi niko maskini wa Babeli! Bon, andikeni. Lakini jina ikae upande wa ndani, isionekane."

Tukachonga matete ya kuandikia. Wa kwanza kuja alikuwa Dafroza, mjane aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania akarudi kulima shamba la babu yake. Kiakadi hakina F wala O, nikamwandikia mfano: Da-pu-ru-za.

"Mwalimu, mimi si Dapuruza!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye akainama juu ya tofali. "Haya. Kambini kila mtu aliniandika alivyotaka. Leo najiandika mwenyewe."

Alama ya "za" ni misumari minne, miwili juu ya miwili. Aliigandamiza taratibu, ncha ya ulimi nje. Alipomaliza akamgeukia fundi.

"Mzee, langu litazame nje. Hao wafalme walinizidi nini?"

Vigelegele vilipanda mlima mzima! Mzee Shabani akainua mikono, akakubali. Wengine wakaanza kusukumana wakigombea matete, na hadi alasiri tulikuwa tumemaliza matofali yote mabichi.

Nimeshinda. Kiakadi kimeshinda.

Nilipokuwa nafunga mkoba, Dafroza alinishika mkono.

"Nionyeshe na la marehemu mume wangu, Samweli. Alizikwa ugenini, hana hata msalaba."

Kwa udongo wa tofali lililokuwa limevunjika tukafyatua jingine, tukaandika: Sa-mu-e-li. Jina hili lilikubali lote. Tukalianika kando ya lake. Mzee Shabani alipita, akavua kofia.

"Haya mawili nitayajenga pamoja," akasema.



Nimeamua: nitaandika kila jina nitakaloletewa, hata lenye herufi ambazo Babeli hawakuwa nazo.