Nyumba Yetu Imesimama Kwenye Kiwanja cha Mwalimu

Mpendwa Baba Menrad,

Unakumbuka siku tulipoonyeshwa kiwanja hapa pembeni mwa Songea? Majani yalitufika kiunoni. Ulisimama katikati ukasema, "Mama Menrad, jiko litakaa hapa, upate jua la asubuhi." Nikakucheka. Tukafyatua matofali wenyewe, wewe ukayachoma, mimi nikabeba maji kutoka mtoni na Menrad mgongoni.

Miezi michache baada ya kukuzika, alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyehamishwa kikazi kutoka hapa zamani. Nilimpa shikamoo, nikamwekea chai. Aliimaliza, ndipo akasema, "Mama, samahani. Nyumba hii iko kwenye kiwanja changu."

Nilidhani ni tapeli. Tukafikishana baraza la ardhi. Mpima akaja, akafukua mawe ya mpaka. Baba Menrad, kiwanja chetu ni hicho cha pembeni, tunacholima mahindi miaka yote tukidhani hakina mwenyewe! Aliyetuonyesha alikosea, nasi tukamwamini. Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa. Nilitaka kumchukia Mwalimu, nikashindwa pia. Ardhi ni yake kweli. Lakini nyumba je?

Mwenyekiti wa baraza alitutaka tukazungumze kwanza. Tukishindwa, angeweza kuamuru nyumba ivunjwe. Mwalimu akaja na mkewe. Yule mama alizunguka nyumba, akashika ukuta wa jikoni, akauliza nani alipiga lipu. Nikamwambia ni wewe, Jumapili baada ya misa. Akamgeukia mumewe.

"Mimi siwezi kulala hapa huyu akiwa ametolewa. Badilishaneni."

"Kile kingine kina mteremko," Mwalimu akasema. Akatoka mlangoni, akakitazama kiwanja cha mahindi. Kisha akasema, "Haya, mama. Tubadilishane."

Tumesaini mbele ya baraza. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nimshukuru Mungu, na ninamshukuru. Mbona basi nikifagia uwanja najiona kama nafagia kwa watu? Nimeshinda au nimehurumiwa? Wewe ungejua.

Jana Mwalimu alianza kuchimba msingi pale kwenye mahindi yetu. Akaja kuomba maji ya kunywa. Nilitaka kumwambia, "Karibu, jirani," nikaishia kwenda mtungini. Nikampa maji. Tukabaki tumesimama mlangoni, kila mmoja akisubiri mwenzake amkaribishe ndani.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado nalala upande wangu wa kitanda.

Mkeo,
Mama Menrad