Bati Zangu Kwenye Miguu ya Gerson

Jumatano, 30 Oktoba 2024

Nimeweka dau pesa yote ya bati kwa Uwesu kinyozi, kwamba mume wangu Gerson atashinda. Mbio za baiskeli ni Jumamosi — Mtendeni hadi Kipalapala na kurudi. Mwaka jana Sadiki alimpita Gerson kwa gurudumu moja, kwa hiyo wengi wameweka kwa Sadiki. Safi! Pesa za wote zinaingia kapu moja, walioshinda wanagawana. Nyumba inavuja, mvua imeshaanza kunguruma. Safari hii tunaezeka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Revocatus! Muuza saruji, tumbo mbele, baiskeli hajui hata kuipanda. Kaweka furushi la pesa kwa Gerson. Uwesu katangaza kwenye spika, na kufika jioni mtaa mzima umehamia kwa Gerson. Sasa tukishinda tutagawana nini? Nitarudishiwa pesa yangu na ya vocha juu. Nimemfuata dukani. Shikamoo sikumpa. Eti nishukuru, yeye anamwamini mume wangu. Mnafiki mkubwa!

Ijumaa, 1 Novemba

Nimekanda unga wa maandazi kwa hasira mpaka mikono inauma, na hapo nikamng'amua. Kwa Uwesu dau linahamishika mpaka filimbi ya kuanza. Revocatus katukusanya wote kwa Gerson, halafu dakika ya mwisho atarukia kwa Sadiki peke yake. Sadiki akishinda, kapu zima lake! Hana haja ya kujua nani ana miguu. Anataka tu sisi tujae upande mmoja. Fisi yule.

Nitahama kabla yake. Gerson simwambii.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimehama. Na Uwesu — mdomo wake ukauke! — kashika spika: jamani, mke wa Gerson kaenda kwa Sadiki! Watu wakaanza: mke ndiye anayejua, jamaa lazima anaumwa. Kundi zima likanifuata kwa Sadiki. Nikamtazama Revocatus. Hakuinuka hata kitini. Kumbe alikuwa ananisubiri mimi! Filimbi ikalia yeye yuko kwa Gerson, karibu peke yake.

Gerson alisikia yote. Aliniangalia mara moja tu, akakanyaga.

Naandika hapa hapa kibarazani kwa Uwesu. Revocatus kaniletea soda ya baridi. Nimeimwaga mbele ya viatu vyake, akacheka. Nakuchukia, Revocatus.

Bodaboda mmoja kafika sasa hivi kutoka Kipalapala: Gerson kamwacha Sadiki mbali, anaendesha kama ana ugomvi na mtu. Majirani wamenigeukia. Tekla, si ulisema anaumwa? Sikusema! Sikusema chochote!

Vumbi lile pale. Shati la njano mbele — lake, nimelifua jana kwa mikono yangu. Mungu nisamehe, namwombea mume wangu pancha.