Velo ya Célestin Ni Nzito, na Shemeji Anaitaka

Mama Huguette mshauri, nakusalimu wewe na wote wanaosikiliza redio, na ninaomba unisaidie upesi kabla sijamtamkia shemeji yangu neno ambalo kanisani hawatalisamehe. Jina langu ni Pélagie, lisome tu hewani, sifichi, mimi ni mjane wa Célestin aliyekuwa akileta makala, ule mkaa wa kupikia, mjini kwa velo, ile baiskeli ya vitesi, yaani gia, ya kupandia milima, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, na wengi hapa Kalemie walimjua maana alipita asubuhi akiimba huku akitembea kando ya magunia yake, na homa ilipomchukua aliniachia watoto na hiyo velo, basi nikasema sitakaa chini nilie tu, nikaanza kununua samaki, mikebuka mibichi, ufukweni na kuipeleka kuiuza Katanika, mimi mwenyewe juu ya velo, kitenge nimekifunga vizuri, na waliokuwa wakicheka wamechoka kucheka.

Shida ni kwamba velo ni nzito, Mama, nzito mno, kwenye kilima miguu inawaka moto, pikipiki zote zinanipita, na nikifika samaki wameanza kulegea, wanunuzi wananusa wanaondoka, na watoto wangu wanakula kwa hao samaki. Sijabadilisha kitu hata kimoja, springi za mbele alizozichomelea Célestin zisicheze ziko vilevile, kiti cha nyuma cha nondo za kujengea kipo, mipira ina mipira mikuukuu ndani yake ili misumari isiitoboe, na waya wa vitesi ulikatika zamani naye akasema hauna kazi. Naiosha kila Jumamosi, nikiigusa naona kama namgusa yeye.

Sasa kaka yake, Papa Floribert, ambaye naye ameanza kutoa makala porini, amekuja mbele ya majirani akasema, "Pélagie, ile velo iko nzito juu ya Célestin, njo yeye, roho yake, mwenye anaikalia. Utupatie, tuiweke pamoja na vitu vyake mupaka kilio kiishe. Mimi nitakuletea ingine mupya, ya wanamuke." Nikamjibu, "Shemeji, Célestin hakukuwaka muzito hivyo hata akishakula bukari na kushiba." Majirani walicheka lakini yeye hakucheka, amesema Jumamosi hii anakuja kuichukua na wazee wa ukoo. Je, niitengeneze, au niiache nichukue hiyo mpya ili samaki wangu wafike? Mimi kuitoa sitaki, nakuambia mapema. Lakini kilima hakijui kama sitaki.

Pélagie, mtu wa ufukweni

Mama Huguette anajibu:

Pélagie mwanangu, pole sana. Haya, umeshalia, sasa tugombane kidogo.

Umeandika habari nyingi za marehemu na shemeji, na maneno machache tu juu ya velo yenyewe, na jibu limo katika hayo machache. Hebu niambie, ulimwona lini Célestin amekaa juu ya hiyo velo akiwa na magunia? Umesema mwenyewe: alitembea kando yake! Watu wa makala hawapandi velo, wanaisukuma. Ndiyo maana alichomelea springi, akafunga nondo, akashindilia mpira ndani ya mpira, na vitesi hakuvitaka, vya nini kwa mtu anayetembea kwa miguu? Alitengeneza mkokoteni wa magunia, mama, na wewe umepanda mkokoteni unapandisha nao kilima na ndoo za samaki. Halafu unashangaa miguu inawaka! Hakuna marehemu aliyekalia kitu hapo. Ni vyuma.

Na shemeji yako anajua. Kama kweli anaamini ndugu yake ameketi juu ya velo, mbona haogopi kulala nayo nyumba moja? Mtu anayetoa makala porini anautaka uzito huohuo unaokuua wewe. Angekuja kuiomba kama mtu mzima, ningemheshimu. Lakini kumsingizia maiti ili kumnyang'anya mjane, hapana, hiyo ni aibu, na namwambia hapa redioni asikie.

Usichukue hiyo mpya. Ukiikubali, kesho atawaambia watu kwamba hata hiyo ni mali yake, alikuazima tu. Ya Célestin ni ya watoto wake. Sheria ya nchi hii inawataja watoto kwanza, kabla ya kaka wa marehemu, na wazee wa ukoo wakibisha, waambie waende wakaulize mahakamani, wewe utawafuata.

Sasa velo. Ipeleke kwa fundi leo, si kesho. Kwanza mwambie aangalie chuma cha mwili wa velo, pale magunia yalipokuwa yanalala. Akikuta ufa mkubwa, basi imekufa kweli, uza vipande, utafute nyingine ya vitesi kwa jina lako, na usiilie mara ya pili. Kama chuma ni kizima, nondo zitoke, kitiwe kiti chepesi cha kubebea ndoo zako. Mipira mikuukuu iliyoshindiliwa ndani itoke, itiwe ya kujazwa upepo. Tia waya mpya wa vitesi na ujifunze kuvibadilisha kabla kilima hakijaanza, si katikati. Springi ziache zilivyo, hazikuzuii.

Najua nondo zitakuuma zikitoka, maana alizifunga kwa mikono yake. Zipeleke nyumbani uzitie kwenye dirisha la jikoni, wezi wamheshimu. Lakini hakuzifunga ili zikushinde wewe. Alizifunga ili watoto wapate kula, na watoto bado wanataka kula.

Jumamosi Floribert akija na wazee wake, asikukute mlangoni umeshika usukani mnavutana. Waachie viti uani na maji ya kunywa, wakae. Wewe uwe umeshafika Katanika, na mikebuka ingali mibichi.