Posa Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Kambini, Jumatano baada ya chakula cha mchana

Mke wangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama kifua kimempungua. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Palipo pabovu utapasoma mbele. Kama uko na majirani, ikunje kwanza uingie nayo ndani.

Habari za huku ni kukimbia. Filimbi ikilia alfajiri tunatoka na mabuti, tunakimbia mchakamchaka mpaka koo linakauka, halafu kwata, halafu kutambaa kwenye tope chini ya seng'enge huku afande anatuuliza kama mama zetu walituzaa tuje kulala. Wewe uliyekuwa ukiniamsha mara tatu usingenitambua. Kitanda nakitandika mpaka shuka halina mkunjo hata mmoja, ndiyo, mimi huyuhuyu. Wanatuharakisha kwa sababu ya vita vilivyoko mpakani. Kila wiki tunaambiwa zamu yetu iko karibu.

Sasa nikuambie. Siku ile stendi ya Nangurukuru nilikuambia jina lako nimeliandika la kwanza kwenye karatasi za jeshi. Nilikudanganya. Kuruta hatakiwi awe na mke, na mimi nilikuwa nimeshaomba kazi kila mahali mpaka nikaona haya kupita mlangoni kwa watu. Walipouliza habari ya ndoa nikaandika sijaoa. Cheti chetu cha ndoa nikakiacha kwa mjomba kule Mitole. Nilijiambia ni wino tu, nikimaliza kozi nitasema. Unanijua, jambo zito huwa nalisukuma mbele.

Wiki ya tatu afande alikagua masanduku yetu. Picha yako, ile uliyopigwa Songo Songo umeshika pweza huku unacheka, ikadondoka kutoka ndani ya kitabu changu cha Yasini.

"Nani huyu, Kilwa?" Huku ndivyo wanavyoniita.

"Dada yangu, afande."

"Ameolewa?"

Ningejibu ndiyo, na ingekuwa kweli. Lakini niliogopa swali la pili, na nani? Nikasema, "Hajaolewa, afande." Bweni zima lilisikia. Wakapiga makofi, wakaniita shemeji siku nzima, na mimi, Mwanahawa, nikacheka nao.

Kitanda cha jirani na changu alikuwa analala Hamisi, Mmakonde wa Newala, mtu mkimya, mchapakazi. Yeye hakucheka. Wiki iliyopita tulitembezwa na mizigo mgongoni tangu alfajiri, homa ikanikamata njiani nikaanguka. Anayebaki nyuma anaondolewa kwenye kozi. Hamisi alichukua bunduki yangu na begi langu juu ya vyake, akanishika mkanda, akanikokota mpaka getini. Nilipopata nafuu akaniletea uji, akakaa.

"Kilwa, nikuulize jambo la kiume, usinikasirikie. Dada'ko yule ana mtu?"

"Hana," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, lilishaizoea njia.

"Basi mie sichezi. Kuoa bado sana, ila uchumba haukatazwi. Kwenye vita hivi mtu akienda, ajue kuna mwenzake anamwombea dua. Mjomba wangu yuko Lindi, atakwenda kwenu kwa heshima zote. Ila mwandiko wangu mbovu. We unao mzuri, niandikie posa."

Nikaandika. Mke wangu, nilikaa kwenye kitanda cha chuma nikakuposa kwa jina la mwanamume mwingine. Niliandika adabu yako, nikaandika mikono yako isiyokaa bure, nikaelekeza nyumba ya mama pale Kivinje, nyuma ya soko la samaki. Hamisi aliisoma mara mbili akasema, "Aisee, umeiandika kama unaposa wewe." Bahasha ikaondoka Jumatatu kwenda kwa mjomba wake Lindi. Simu zetu zimefungiwa stoo, hakuna wa kuizuia. Mjomba wake atafika kwenu Jumamosi na kanzu yake, mama atakupa uisome, na wewe utauona mwandiko wangu.

Ndiyo maana ya haraka yote hii. Dereva wa gari la kuni anapita Kivinje kesho, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi.

Jana nilimwambia Hamisi kweli yote tukiwa tunaosha masufuria. Nilitaka anipige, ningeshukuru. Aliendelea kusugua sufuria lilelile, akasema, "Ningekufa kule, ningekufa namuota mke wa rafiki yangu. Na we ungeniacha tu." Akahamisha godoro lake upande wa pili. Hajanisemea kwa mtu yeyote. Hilo linaniuma kuliko kama angenisemea.

Nimeomba kuonana na afande kesho baada ya gwaride. Nitamwambia nina mke, na nitamtajia jina lako. Pengine atanirudisha na begi langu, na mama aliyewatangazia watu wote kwamba mwanawe ni askari hatakuwa na pa kuuweka uso wake. Naogopa, sikufichi. Lakini kwa karatasi zilivyo sasa, nikienda mpakani nikapatwa na jambo, watakuja kumpa mama mkono wa pole, na wewe utasimama jikoni kama mpangaji. Hilo siliwezi.

Mama msomee barua hii yote, usiruke pale pabaya. Mwambie namwamkia nimeinama, na anisamehe kama mtoto aliyempotezea muda. Msalimie wifi yako Zuhura, dada pekee niliye naye duniani. Mjomba wa Mitole mwambie atoe cheti akuletee wewe, kisikae tena kwake. Na baba yako huko Songo Songo, aliyenishika mkono msikitini akanikabidhi binti yake, msalimie kama utaweza kulitaja jina langu mbele yake. Akikutaka urudi kwake, sina mdomo wa kumjibu.

Mzee wa Lindi akija mpokeeni vizuri, apewe maji na chakula, hana kosa lolote. Usijifiche chumbani, maana aliyefanya la kujificha ni mimi. Atataka kujua kama una mume. Mimi nilipoulizwa habari zako nilikukana papo hapo, wala sikufikiri. Wewe, kabla hujamjibu, una haki ya kufikiri kwanza.

Mumeo, kama bado,
Salumu