Herufi Moja Mwishoni mwa Jina la Konokono

CHAMA CHA VIUMBE HAI: KIKAO CHA TATU
Ijumaa, 14 Machi, maabara ya pili, saa 9:40 alasiri

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mwalimu Mlezi, mjumbe aitwaye Darubini, binti wa Mama Chupa.
Asiyehudhuria: Mama Chupa, mtunza maabara. Amelazwa.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba utulivu. Ulikuwepo tayari.

KUMB. NA. 2/3: BARUA YA MTAFITI
Mwalimu alisoma barua. Konokono ambaye Mama Chupa alimwona nyuma ya tangi la maji ni spishi mpya, na jina lake la kisayansi limechapishwa kwa heshima ya aliyemgundua. Wajumbe walipiga makofi.

Darubini aliuliza mbona jina linaishia na -i. Mwalimu alieleza kwamba Kilatini huweka -i kwa mwanamume na -ae kwa mwanamke. Darubini alisema, "Basi Mama Chupa kaota ndevu." Alitakiwa kuiondoa kauli hiyo. Aliiondoa.

KUMB. NA. 3/3: CHANZO CHA KOSA
Katibu alikiri kwamba barua ya kumwomba mtafiti amchunguze konokono aliiandika yeye. Aliandika "mtunza maabara wetu", "alimwona", "alimlisha", pamoja na jina la ukoo peke yake, akidhani ndiyo heshima. Hakuna neno lililoonyesha kuwa ni mwanamke. Aliyemtafsiria mtafiti alilazimika kuchagua, akachagua mwanamume.

Mwalimu alisema marekebisho yanaweza kuchapishwa baada ya miezi minane. Binti alisema daktari amempa mama yake wiki chache tu.

KUMB. NA. 4/3: KUMWAMBIA MAMA CHUPA
Mwenyekiti alipendekeza asomewe barua juujuu. "Hajui Kilatini, atajuaje?"

Binti alijibu kwamba mama yake amebandika lebo za Kilatini kwenye chupa za maabara hii miaka kumi na tisa, na anazijua herufi hizo kuliko wajumbe wote. Tena nakala ya barua ilifika nyumbani Jumatano, naye binti alimpelekea mama wodini akifurahi, bila kuifungua.

Alieleza pia kwamba jina hilo la ukoo ni la mume. Mume huyo alizitupa jalalani chupa za konokono mara mbili, kisha akahama nyumba.

Mwenyekiti aliuliza Mama alisemaje. Binti alisema aliikunja barua, akasema, "Kumbe wamempa baba yako," akageukia ukutani.

Hakuna azimio lililopitishwa.

KUMB. NA. 5/3: MENGINEYO
Katibu aliomba kujiuzulu. Ombi lilikataliwa kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka.

Wajumbe walitawanyika saa 10:25.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................