Nyumba Ambayo Usingepotea

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini ni wewe uliyenicharaza bakora kwa kutosalimia wakubwa, kwa hiyo shikamoo.

Jana Shabani muuza mkaa alinijia ofisini, Posta. Ndiyo, huyo huyo. Nilipomwona mlangoni nilibana rula ya chuma mpaka ikanichana kiganja. Nilitaka kumpasua uso, Baba. Wallahi nilitaka.

Wewe ulisahau nyumba tu. Umetoka zako msikitini, jua la saa saba linawaka, na Kariakoo nyumba zote ni moja: baraza, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Ukaingia ya Shabani ukidhani yetu. Ukavua malapa, ukaketi kitandani, ukaniita kama ulivyozoea, "Mama, niletee uji." Mkewe akapiga kelele za mwizi. Shabani akaja na mchi, na mtaa mzima nyuma yake. Nilipofika walishatawanyika, umebaki wewe uani, kofia imelowa damu, unaniuliza, "Mama, nimekosea chumba?" Hukusema tena.

Tangu tukuzike nachora ramani za majengo kwa hasira. Ofisi ilipewa kazi ya makao ya wazee, na bosi wangu akataka bweni moja refu, wanaosahau wafungiwe nyuma ya nondo. Nilipiga meza, wino ukamwagika juu ya ramani yake. "Ndugu, mzee si ng'ombe!" Basi nikachora upya. Mbele, barazani, wanaojiweza: watoke, waende sokoni, wacheze bao lao. Katikati, wanaotaka kushikwa mkono kwenda kuoga. Jirani na chumba cha wauguzi, wasioinuka kitandani. Na wenzako wanaosahau wana ua wao, una njia ya kuuzunguka. Ukiifuata mpaka uchoke, inakurudisha mlangoni kwako. Hakuna milango miwili ya rangi moja. Wa kijani ni wako. Jengo lilipokamilika na wazee wakahamia, nilikataa katakata mtu yeyote kupewa.

Sasa Shabani kaja kamshika mama yake mkono. Bibi wa watu kumbukumbu zimemtoka. Juzi kaingia nyumba ya jirani, wakampokea kwa ngumi. Jicho limevimba, halifunguki. Shabani akapiga magoti. "Dada, mpokee. Watamuua."

Nikamzaba kofi. Nikamzaba la pili, mdomo ukatoka damu. Hakujikinga. Nilipoinua mkono tena, yule bibi akanishika gauni.

"Mwanangu, usimpige. Tumekosea chumba?"

Baba, nililia mbele ya ofisi nzima.

Nimempa mlango wa kijani. Nimempa yeye, mwanawe sijamsamehe, na usije ndotoni kuniombea hilo.

Lala sasa, baba yangu. Nakuahidi, humo ndani mzee yeyote akikosea chumba, akaketi kwenye kitanda kisicho chake, ataletewa uji.

Mimi, mama yako.