Habari za Hendriki, kwa Baba Aliyetuagiza

Kwa heshima kuu na taadhima isiyo kifani, ukoo wote wa marehemu Gershom Randu, wa nyumba za reli, Changamwe, unawatangazia wakazi wa Likoni, wa Kisauni, wa kisiwani, na walimwengu kwa jumla, ya kwamba mwaka mzima umepita tangu nguzo ya nyumba hii ilipoanguka.

Mama amesema tufute "walimwengu kwa jumla", kwa kuwa chai aliyopika haitawatosha. Amesema pia kwamba wewe hukuwa nguzo. Nguzo husimama, na wewe ukitoka kazini ulikuwa ukijinyosha chali jamvini na buti zako miguuni, mpaka uitwe kula.

Basi, Baba, tuseme kwa maneno ya nyumbani. Ni mwaka sasa tangu utuache, nasi tumekuja na majibu ya lile swali lako.

Ulipofika hapa kutoka Rabai ulikuwa kuli wa banda la mizigo, na herufi zako za kwanza ulijifunza ubavuni mwa mabehewa. Ulikuwa ukiwauliza makarani, "Hii yaitwaje? Na ile yenye matumbo mawili?" Ulipokwisha kuzijua zote ukaazima kitabu cha kanuni za reli, ukawa unasoma nusu ukurasa kila asubuhi, kikombe cha chai ya rangi mkononi, kabla hujasema neno na mtu.

Wenzako walikucheka. Jirani yetu Bwana Absalom, ambaye siku hizo alikuwa mkuu wa wachekaji, alisimama mlangoni akasema, "Gershom, gari la moshi lenyewe halijazisoma hizo kanuni, na Nairobi linafika."

"Lafika," ukamjibu, "kwa sababu kuna mtu amezisoma."

Alipotafutwa mtu wa kubadili njia za reli, anayeweza kusoma amri iliyoandikwa, wenzako wote walitazama chini nawe ukasimama. Ukapewa taa, bendera na filimbi. Hiyo filimbi uliipuliza hapa uani Jumamosi nzima, hata Mwanabibi muuza vitumbua akaja mbio na unga mikononi. "Wallahi, nilidhani gari limeingia jikoni!"

Kisha ukamtoa jogoo wa Mama kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama Mishomoroni, ukarudi na kitabu kinene cha hadithi, hakina jalada, hakina jina, hakina mwanzo.

"Umetoa jogoo ukaleta karatasi?" Mama aliuliza.

"Mama Florence, haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba! Jogoo wangu alikuwa pishi nzima!"

Lakini jioni ile ile alisogeza kigoda chake karibu na taa. Ndivyo tulivyomjua Hendriki, mpima ardhi wa nchi za baridi, ambaye tulimkuta tayari yumo thelujini na nyumbu wake, akimtafuta mdogo wake aliyepotelea ng'ambo ya milima. Mwanabibi alikuja kudai sahani yake, akaketi kizingitini, na tangu siku hiyo akawa na sahani ya kudai kila jioni. Hakukubali hata mara moja kwamba anasikiliza. Alikuwa akipunga upepo tu. Ila mwenye kupunga upepo huyo ndiye aliyekuwa akimgombeza Hendriki kuliko sote: "Mtu mzima, baridi yote hiyo, na shuka hakubeba!"

Ulikuwa ukisoma ukurasa mmoja. Si nusu, wala si mmoja na mistari miwili. Ukimaliza ulikuwa ukifunga kitabu kwa vidole vinavyonuka samaki wa ng'onda, na hapo ndipo dirishani kulipozuka kilio.

"Mmoja tu tena, Bwana Gershom!" Absalom alikuwa akisihi. "Kesho nina zamu ya usiku, na huyu mtu ananing'inia jabalini!"

"Na aning'inie. Kesho kutwa utamkuta papo hapo."

Absalom alikwenda akabadilishana zamu na mwenzake, kwa kisingizio cha ugonjwa. Alipoulizwa ni nani mgonjwa, akasema, "Hendriki."

Hapa inafaa kumtaja binti yako Florence, aliyekuwa amekuja likizo kutoka shule ya bweni. Msichana mpole, mtiifu, mwenye adabu inayosifiwa kotekote. Msichana huyo mpole aliuhamisha unyoya wako wa kuwekea alama, akaupeleka mbele kurasa kadhaa. Ukafungua, ukasoma, na ghafla Hendriki akawa ndani ya mashua, nyumbu hayupo, na mkono wake umefungwa bendeji. Absalom akapiga kelele dirishani kwamba ameibiwa. Wewe ulitazama unyoya, ukamtazama Florence, wala hukumchapa. Ulimpa kitabu azisome kwa sauti kurasa zote alizoruka, kila jioni mmoja, mbele ya watu, na kila neno alilomeza ulimrudisha nyuma alitapike. Adhabu ilipokwisha, Florence hakurudisha kitabu, nawe hukukidai. Uliegemea ukuta ukafumba macho, na tangu hapo, kila likizo, ukawa msikilizaji.

Ulipougua, Hendriki alikuwa ndiyo kwanza amefika chini ya mlima wa mwisho. Jioni ile ya mwisho Florence alisoma ukurasa wake, akafunga kitabu, na Absalom, ambaye miaka yote hakuacha kusihi, jioni hiyo hakusihi. Wewe ndiye uliyesema, kwa sauti ndogo, "Msiruke. Mmoja kila siku, mpaka mwisho. Kisha mje mniambie kama alimkuta."

Tukaahidi, Baba. Florence aliporudi shuleni, msomaji akawa Absalom, aliyekwisha kujifunza herufi kwa ajili ya Hendriki, naye husoma kama mtu anayegombana na kitabu. Asubuhi siku hizi husoma nusu ukurasa wa kanuni za reli, na mwezi uliopita naye alipewa taa na bendera. Filimbi tumemwomba aiache kazini. Mama amejifunza jina moja, Hendriki, nalo hulitafuta kwa kidole ukurasa mzima: "Huyu hapa. Na huyu hapa tena. Anajipenda, huyu." Siku hizi ameanza kulitafuta na jina lako, nasi hatujamwambia kwamba kitabuni humo halimo.

Jana jioni ilikuwa zamu ya ukurasa wa mwisho. Watu walijaa mpaka uani. Florence akasimama, akakohoa kama padri, akasoma: Hendriki alibisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akasema, karibu, shemeji, umechelewa. Ndugu wawili wakakumbatiana wakalia. Hendriki akapewa maji ya kunawa, kisha akaandaliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Watu wakapiga makofi. Absalom alijifuta macho kwa bendera ya reli.

"Ngoja, mwanangu," akasema Mwanabibi kutoka kizingitini. "Mimi sisikilizi, lakini huko thelujini minazi ilipandwa na nani?"

"Nazi zililetwa kwa meli, bibi."

"Meli mlimani?" Absalom akauliza.

"Na huyo mke mtu," Mwanabibi akaendelea, "mbeleko kaitoa sokoni Kongowea?"

Uani kukawa na vicheko, na Mama peke yake hakucheka.

"Florence."

"Abee, Mama."

"Lete kitabu."

Ndani ya kitabu mlikuwa na karatasi ya daftari la shule, mistari ya buluu, na wino ambao hata mtu asiyejua kusoma angeuona ni wa juzi.

Basi na iandikwe, kwa kuwa Mama amesimama nyuma ya kalamu hii na hataki liachwe neno. Huyo Florence mpole, mtiifu, ni mimi, na ndimi niliyejisifu juu ya karatasi hii tangu mwanzo. Ulisema tusiruke, nami niliruka. Mwanzoni mwa likizo hii nilijifungia na Hendriki nikammaliza nisiweze kuacha, hata ugali wangu ukaliwa na paka. Kitabu kinakwisha Hendriki ameinua mkono abishe mlango. Baada ya hapo hakuna kitu, Baba, ni nyuzi za gundi tu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama wakikaribia mlango ule jioni baada ya jioni, na mimi ndiye niliyejua. Sikutaka uje uulize halafu tusimame mbele yako mikono mitupu.

"Wali wa nazi!" Mwanabibi alisema nilipokwisha kuungama. "Angalau ungemnyima samaki, tungekuamini."

Mama aliikunja ile karatasi akaitia kifuani. "Ameuliza kweli," akasema. "Mwandikie kweli."

Kweli ndiyo hii. Hatujui kama alimkuta. Absalom anasema mdogo mtu alikwisha kufa zamani. Mwanabibi anaapa kwamba yu hai, ila ana haya ya kufungua. Wamebishana mpaka chai ikapoa, na leo jioni watabishana tena. Lakini wewe, Baba, uko huko ambako kila msafiri hufika mwishowe. Ukimwona mtu amesimama peke yake, hana shuka, mabega yana theluji, ndiye. Muulize mwenyewe. Sisi tutangoja, hatutaruka.

Wanaokukumbuka: mkeo Kaviha; mimi mwanao; kaka yako Katana na watu wote wa Rabai; Bwana Absalom; na Mwanabibi, aliyekuwa akipita tu.

Hutatutoka moyoni, Baba, maisha yetu yote.